Yesu wa Murang'a

Abiria anayetoka Chanika, mjini Handeni, akifika Korogwe hushika barabara kuu ya kaskazini, milima ya Usambara na ya Upare ikimfuata ubavuni mpaka Himo. Hapo njia moja hupanda Marangu, alikozaliwa mchoraji Elimo Njau mwaka 1932. Lakini kuta zilizompa jina ziko ng'ambo ya mpaka, Murang'a, Kenya.

Mji huo ulikuwa bado ukiitwa Fort Hall, na nchi ikiwa katika hali ya hatari, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alipoweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote mwaka 1955. Lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji walioasi ukoloni. Kupamba kuta zake ilikuwa kazi nzito, maana misiba ilikuwa pande zote: wengine wengi waliuawa na serikali ya kikoloni yenyewe. Mchoraji angewezaje kuchora damu mbele ya waumini wa namna hiyo?

Njau, aliyesomea sanaa Makerere, alijibu kwa Injili. Mwaka 1959 alichora picha 5 kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika. Wanaomzunguka ni Wakikuyu, na vilima nyuma yao ni vya Murang'a.

Mtu angeweza kudhani huko ni kuipindua Injili. Kumbe ndivyo kanisa lilivyochora tangu zamani. Huko Padova, Italia, mchoraji Giotto alipopamba kanisa dogo la tajiri Enrico Scrovegni, kazi iliyokamilika karibu mwaka 1305, aliwapa watu wa Biblia miili na machozi ya watu aliowaona mitaani. Alipaka rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, kila siku kipande chake, kwani lipu ikikauka hainywi tena rangi. Buluu yake tu ilipakwa juu ya lipu kavu, na ndiyo iliyobanduka zaidi.

Leo mgeni wa Padova husubiri kwanza katika chumba cha kusawazisha hewa, kisha hupewa dakika chache tu za kutazama. Murang'a picha zinakaa na waumini wake, Jumapili hata Jumapili.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Rangi za Njau zilikuwa bado mpya ukutani.