BEHEWA LA MIZIGO NALO LINA HISTORIA

Ndugu mkulima, watu wakizungumza habari za reli ya zamani huanza na injini. Si ajabu, injini ndiyo iliyopiga kelele. Nenda Nairobi kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokuwa mali yetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania. Utaikuta injini ya mvuke namba 5918 yenye jina la Mlima Gelai, mlima ulioko kaskazini mwa nchi yetu. Utaikuta na namba 3020, iliyopewa jina la Wanyaturu wa Singida. Lipo pia behewa ambamo simba alimvuta ofisa wa polisi Ryall pale Kima mwaka 1900, na mbele yake watu hawaishi kusimama.

Sasa, je, behewa lililobeba gunia la baba yako? Hilo halina simba, basi waulizaji ni wachache.

Hebu tulifuate kwetu Kilosa. Zamani mzigo uliopita hapa kwenda bara au pwani ulibebwa na wapagazi, mtu mmoja kilo 30 hivi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Piga hesabu mwenyewe: behewa dogo la tani 10 linachukua mzigo wa wapagazi zaidi ya 300. Na behewa halili posho.

Lakini tusidanganyane kwamba lililetwa kwa ajili ya mkulima mdogo. Upande wa Kimamba na Rudewa mabehewa yalingojewa na marobota ya mkonge. Mashamba makubwa yalikuwa na vitoroli vyao vya kuvuta majani mpaka kiwandani, na kutoka hapo robota halikuwa na safari ndefu kufika relini. Mwenye gunia mbili za mahindi alizipeleka stesheni kichwani.

Mwaka 1916 vita vikafika. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma walivunja madaraja, na Waingereza waliingia Kilosa mwezi wa Agosti. Madaraja ya muda hayakuweza kuhimili injini nzito, basi wanajeshi wakafunga magurudumu ya reli kwenye malori na kuvutia mizigo hivyo hivyo.

Baada ya hapo mwenye mali alibadilika mara nyingi. Reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda mwaka 1948. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, TRC. Mwaka 2007 ikaja kampuni, TRL, na mwaka 2017 jina la TRC likarudi. Kwa hiyo ukiziona herufi TRC ubavuni mwa behewa, bado hujajua umri wake. Tazama kibati cha chuma chini ya bodi, kama hakijang'olewa. Rangi hupakwa upya, lakini chuma kilichochapwa mwaka wake hakisemi uongo.

Njia ya kutoka Kilosa ilifika Mikumi kabla tu ya Uhuru, na katika miaka ya 1960 ikaendelea mpaka Kidatu, karibu na kiwanda cha sukari cha Kilombero. Halafu ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo ikapita Kidatu. Hapo ndipo penye jambo. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina 1,067. Tofauti haifiki hata vidole vinne, lakini inatosha kabisa kulizuia behewa lisivuke. Mzigo unaobadilisha reli lazima ushushwe na kupakiwa upya, na kila gunia likishushwa kuna kutoboka, kuna kulowa, na kuna makuli wa kulipwa. Siku hizi tena Kilosa inapitwa na reli mpya ya milimita 1,435, ambayo treni zake za abiria zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Mkoa mmoja wa Morogoro, reli za vipimo vitatu!

Behewa kuukuu haliishi miaka mingi peke yake. Mbao za sakafu huoza, chuma hutazamwa kwa jicho la kilo. Ndugu mkulima, behewa lililoachwa pembeni ya njia si mali ya porini. Lina mwenyewe, na kulikata ili kuuza chakavu ni kosa la jinai. Wala usione limekaa tu ukaligeuza ghala la mahindi. Bati la chuma huchemka mchana, usiku hutoa jasho, nafaka ikashika ukungu na sumukuvu. Tena huwezi kujua zamani lilibeba nini, saruji au dawa ya pamba.

Wazee waliopakia mabehewa Kimamba, Mikumi na Kidatu wangali wapo baadhi yao. Kama unaye mmoja kijijini, mwulize behewa moja lilichukua magunia mangapi, stesheni walipima kwa mizani gani, na gunia likipotea njiani nani alilipa. Yaandike majibu yake kwenye daftari la shule, pamoja na jina la stesheni na mwaka.