Gari Mseto na Wenzake: Historia Fupi ya Kuikimbia Petroli

Katika mdahalo wa kidato cha tano wiki iliyopita, hoja iliyokuwa mezani ilisema kwamba gari mseto ni bora kuliko gari la umeme. Nilitarajia mabishano ya kawaida, ya makofi na vicheko. Lakini mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba baba yake, dereva wa teksi hapa Kigali, anataka kuuza gari lake la petroli, na nyumbani hakuna anayekubaliana na mwenzake juu ya gari la kununua badala yake. Kosa likifanyika, alisema, karo ya muhula ujao imo ndani ya kosa hilo. Kengele ililia kabla hatujampa jibu lolote la maana. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe ambaye huenda kwenu kuna mazungumzo kama hayo.

Tuanze na neno lenyewe, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili na siwezi kulipita. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Kutokana na chungu hicho tumepata serikali ya mseto, yaani ya vyama vilivyoungana kutawala, na sasa tuna gari mseto, ambalo wengine huliita haibridi. Ndani yake mna injini ya petroli, na mna mota ya umeme yenye betri. Viwili hivyo hupokezana kazi au husaidiana.

Usidhani jambo hili ni la jana. Mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, mhandisi Ferdinand Porsche, akifanya kazi katika kiwanda cha Lohner mjini Vienna, alitengeneza gari lililokuwa na injini ya petroli ya kufua umeme na mota ndani ya magurudumu. Wakati huo magari ya umeme mtupu nayo yalikuwa yakitembea katika miji ya Ulaya na Marekani. Petroli iliyashinda yote kwa sababu ilikuwa rahisi kubebwa na bei yake ilizidi kushuka. Kwa miongo mingi hapakuwa na aliyejali kuhesabu lita.

Hesabu ilirudi Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao kwenda kwa baadhi ya mataifa wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Kila nchi isiyo na kisima ililazimika kujiuliza: tuna nini kingine kinachoweza kusukuma gari?

Brazili ilijibu kwamba ina miwa. Novemba 1975 serikali ya Rais Ernesto Geisel ilianzisha mpango wa kitaifa wa alkoholi. Viwanda vya sukari vilipewa mikopo nafuu ili vitengeneze ethanoli, na mwaka 1979 gari la Fiat 147 la kutumia ethanoli pekee likaingia sokoni. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari 9 katika kila 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya ethanoli. Ungekuwa mwananchi wa São Paulo wakati huo, ungeona kwamba nchi yako imepata dawa ya ugonjwa ambao mataifa tajiri bado yanahangaika nao.

Kisha, mwaka 1986, bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Ruzuku ikawa mzigo kwa hazina. Bei ya sukari nje ya nchi nayo ikapanda, na wenye viwanda wakaona heri kuuza sukari kuliko kutengeneza mafuta ya gari. Kufikia mwaka 1989 ethanoli ilikuwa haba. Watu walipanga foleni vituoni wakiwa na magari yasiyoweza kunywa kitu kingine, na Brazili, nchi ya miwa, ikaagiza ethanoli kutoka nje. Wananchi hao walikuwa wamefanya kile ambacho serikali iliwaomba kufanya. Adhabu yao ilikuwa kukwama. Katika miaka ya 1990 mauzo ya magari ya ethanoli yalishuka karibu kuisha, na sioni ajabu yoyote.

Hata hivyo Wabrazili hawakuitupa miwa. Mwaka 2003 Volkswagen ilitoa huko gari aina ya Gol lililokubali ethanoli, petroli, au vyote viwili katika tangi moja kwa kiwango chochote. Tangu hapo dereva wa Brazili hufanya hesabu mbele ya pampu. Lita moja ya ethanoli ina nguvu kama asilimia 70 tu ya lita ya petroli, kwa hiyo akiona bei ya ethanoli iko chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza ethanoli. Ikizidi hapo, anajaza petroli. Uamuzi umetoka ofisini ukaja mkononi mwake.

Kalifornia nayo ilipita njia nyingine, na kilichoisukuma zaidi kilikuwa moshi uliofunika Los Angeles. Mwaka 1990 jimbo hilo liliagiza kwamba ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mapya ya kampuni kubwa yawe hayatoi moshi kabisa, na ifikapo 2003 yawe asilimia 10. Kampuni ya General Motors ikatoa EV1 mwaka 1996, gari la umeme mtupu lenye kasi. Halikuuzwa, lilikodishwa tu. Kampuni zilipinga agizo, jimbo likalilegeza, na mwishowe magari hayo yakakusanywa na mengi yake yakapondwapondwa. Julai 2003 waliokuwa wameyaendesha walifanya mazishi ya mfano katika makaburi ya Hollywood. Watu wakilizika gari, jua walilipenda. Lakini halikuwa lao, wala umeme wa kulichaji haukuwa kila mahali.

Sasa tuvuke bahari hadi Japani, nchi isiyo na mafuta ya kutosha wala mashamba ya kugeuza kuwa Brazili. Mwaka 1993 kampuni ya Toyota ilianza mradi wa gari la karne ijayo, ukiongozwa na mhandisi Takeshi Uchiyamada. Desemba 1997 gari hilo, Prius, liliingia sokoni Japani, mwezi uleule ambao mataifa yalikubaliana Itifaki ya Kyoto juu ya hewa chafu. Katika jaribio rasmi la Kijapani lilikwenda kilomita 28 kwa lita moja. Barabarani, bila shaka, lilikwenda pungufu ya hapo.

Siri yake iko katika breki. Katika gari la kawaida, ukikanyaga breki, nguvu ya mwendo hugeuka joto na kupotea. Katika gari mseto, mota hugeuka jenereta, na sehemu ya nguvu hiyo hurudi kwenye betri. Gari likisimama kwenye foleni, injini huzimika. Ndiyo maana gari mseto huokoa mafuta mengi zaidi mjini, katika simama-nenda, kuliko katika barabara ndefu ya mwendo mmoja, ambako tofauti yake na gari dogo la petroli lenye injini nzuri hupungua sana. Mji wenye vilima na foleni kama wetu unalifaa. Dereva wa safari za mbali asitegemee maajabu.

Lakini kwa maoni yangu, mseto ulienea kwa sababu haukuiomba nchi kitu chochote. Ethanoli ilihitaji mashamba, mitambo na ruzuku. Umeme ulihitaji vituo vya kuchaji. Prius ilihitaji pampu ileile iliyopo, ikanywa kidogo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndio udhaifu wake pia, kwa sababu gari mseto lisilochomekwa kwenye umeme hupata nguvu zake zote, mpaka tone la mwisho, kutoka kwenye petroli.

Dizeli sitaikalia sana. Ulaya iliibeba kwa kodi nafuu kwa kuwa inakwenda mbali kwa lita moja, hadi mwaka 2015 ilipofichuliwa kwamba Volkswagen iliweka katika mamilioni ya magari programu ya kudanganya vipimo vya moshi.

Karibu nasi, Tanzania ilitazama chini ya ardhi yake. Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baadaye madereva wa teksi na bajaji wakaanza kufungiwa mitungi ya gesi huku wakibaki na tangi la petroli. Hapo tena unaona gari lenye milango miwili. Shida inayowakabili ni foleni, maana vituo vya gesi ni vichache kuliko magari yanayovihitaji.

Rwanda haina kisima. Petroli yetu hupanda milima kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Umeme, kwa upande mwingine, tunaufua wenyewe kwa maji ya mito yetu na kwa gesi ya methani ya Ziwa Kivu, pamoja na njia nyingine. Mwaka 2021 serikali iliondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme, na magari mseto yakapata nafuu pia. Mitaa ya Kigali ikajaa mseto yaliyotumika ng'ambo. Mwaka 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria zikaacha kusajiliwa Kigali, na magari mseto yakaanza tena kutozwa kodi, ushuru ukipanda kadiri gari linavyozeeka, ilhali ya umeme mtupu yakaachiwa nafuu yake. Serikali imeutazama mseto kama daraja, na imeamua muda wa kulivuka umefika. Naona ina hoja. Ila aliyenunua mseto jana kwa kutegemea kodi ya jana ana haki ya kuuliza kesho yake itakuwaje, kama walivyouliza wale wa São Paulo.

Kwa hiyo, mwanangu wa kidato cha tano, mwulize baba maswali haya: Kwa siku anakwenda kilomita ngapi, na ngapi kati ya hizo ni ndani ya mji? Usiku gari linalala wapi, na je, hapo pana umeme wa kuaminika? Hilo mseto analolitamani, betri yake ina miaka mingapi, na mpya ni bei gani? Andika majibu kwenye daftari lako la Kiswahili uje nayo Jumatatu. Hesabu tutazifanya pamoja ubaoni.