Rangi halisi ya vifaa vya kale vya viwanja vya ndege vya kijeshi hutafutwaje?

KWA mtazamaji wa kawaida, trekta la kuvuta ndege lililotumika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni chuma kilichopakwa kijani tu. Kwa mkarabati, rangi hiyo ni ushahidi wa kihistoria, na dakika chache za msasa usio na mpango zaweza kuufuta kabisa.

Vifaa vinavyohusika ni vingi. Yapo matrekta ya David Brown yaliyotumiwa na Jeshi la Anga la Uingereza (RAF), malori ya kujazia ndege mafuta, magari ya zimamoto, matoroli ya mabomu na ya betri za kuwashia injini. Baada ya vita kumalizika mwaka 1945, vingi viliuzwa kwa wakulima na kampuni binafsi, ambao walivipaka rangi walizozitaka. Ndiyo maana kifaa kimoja chaweza kuwa na matabaka matano au zaidi, huku rangi ya jeshi ikiwa imejificha chini kabisa.

Ugumu wa kwanza ni umri. Rangi za zamani zilizochanganywa kwa mafuta ya kitani hugeuka manjano zinapokaa gizani, na zinapopigwa na jua hupauka na kutoa vumbi jeupe juu yake. Kwa sababu hiyo, kijani cha mwaka 1943 chaweza leo kuonekana kama kijivu au hudhurungi.

Ugumu wa pili ni kwamba majeshi yenyewe yalibadilisha rangi mara kwa mara. Nchini Uingereza, upungufu wa kemikali ya kromiamu inayotengeneza rangi ya kijani ulisababisha magari mengi ya kijeshi kupakwa hudhurungi iliyoitwa SCC 2. Mwaka 1944 ndipo ilipoagizwa rangi ya kijani iliyofifia, SCC 15, ambayo ilikaribiana na Olive Drab ya Wamarekani. Hivyo, anayepaka kijani gari la Uingereza la mwaka 1942 kwa kudhani kuwa kila cha jeshi ni kijani, huenda akawa anapotosha historia.

Aidha, picha za zamani hazitoshi kuwa ushahidi. Baadhi ya filamu za rangi nyeusi na nyeupe za wakati huo hazikuhisi mwanga mwekundu, na zilionyesha manjano kama rangi nzito. Duara la manjano linalozunguka alama ya RAF, kwa mfano, huonekana karibu jeusi katika baadhi ya picha hizo.

Kutokana na hali hiyo, utafutaji wa rangi huanzia kwenye kifaa chenyewe. Mkarabati hutafuta mahali ambapo jua na mvua havikufika: nyuma ya kibao cha namba za mtengenezaji, chini ya vishikizo vilivyofungwa kwa bolti, au ndani ya sanduku la vifaa. Hapo hutumia msasa laini uliolowanishwa maji, akisugua eneo dogo la mviringo hadi matabaka yote yajitokeze moja baada ya jingine kama pete za gogo la mti.

Tabaka lililo karibu zaidi na chuma mara nyingi si rangi ya kifaa, bali ni rangi ya awali ya kuzuia kutu. Hiyo huwa nyekundu ya matofali, au manjano yenye kijani pale ilipotumika kemikali ya zinki na kromiamu. Rangi ya jeshi hutarajiwa kuwa juu yake.

Baada ya kupatikana, rangi hiyo hulinganishwa na kadi za viwango katika mwanga wa mchana. Rangi mbili zinazofanana chini ya taa za karakana zaweza kutofautiana kabisa zikitolewa nje. Vipo pia vifaa vya kielektroniki vinavyopima rangi na kutoa vipimo anavyoweza kutumia mchanganyaji, lakini navyo hupima rangi kama ilivyo leo, pamoja na uchakavu wake.

Nchini Marekani, kiwango kinachotajwa zaidi ni Federal Standard 595 cha mwaka 1956. Namba zake zina tarakimu tano: ya kwanza hueleza mng'ao, ambapo 1 ni kung'aa, 2 ni mng'ao wa wastani na 3 ni kutong'aa, ya pili hueleza kundi la rangi. Kwa hiyo 34087 ni kijani isiyong'aa, na 13538 ni manjano inayong'aa. Mwaka 2017 kiwango hicho kilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na AMS-STD-595, kinachotumia namba zilezile. Uingereza hutumia BS 381C, ambamo bluu-kijivu ya RAF ni namba 633.

Hata hivyo, namba ya mwaka 1956 haiwezi kuwa agizo lililofuatwa kiwandani mwaka 1943. Hiyo ni rangi ya kukaribisha tu, na yafaa kipande kilichopatikana kwenye kifaa kipewe uzito zaidi. Mng'ao nao usipuuzwe, kwani rangi sahihi inayong'aa kupita kiasi hukipa kifaa cha vita sura ya gari la maonyesho.

Suala la afya pia ni la lazima. Rangi za zamani, hasa za manjano, zaweza kuwa na madini ya risasi na kromiamu yenye sumu. Haifai kuzisugua zikiwa kavu wala kuzichoma kwa moto. Msasa wa maji, barakoa yenye vichujio maalumu na usafishaji wa vumbi lote ni mambo ya msingi.

Kabla ya rangi mpya kupakwa, maandishi na alama zote za zamani zipigwe picha pamoja na kadi ya rangi na kupimwa kwa rula. Vile vile, sehemu moja ndogo iliyofichika iachwe na matabaka yake yote. Mkarabati atakayekuja baada ya miaka 50, akiwa na vipimo bora zaidi, atahitaji mahali pa kuanzia.