LED, resista na betri ya volti 12

LED haijui kushiba. Balbu ya kizamani ikipata moto hujizuia yenyewe, kwa kuwa ukinzani wa waya wake hupanda. LED ukiizidishia volti kidogo tu, mkondo wake huruka mara mbili au tatu, na ile chembe ya ndani, ndogo kuliko punje ya wimbi, huungua. Resista ndiyo inayoipimia chakula.

Kipimo hicho huanzia kwenye rangi. LED nyekundu ya milimita 5 hula takriban volti 2. Ya buluu hula karibu 3.2, na nyeupe vilevile, kwani LED nyeupe kwa kweli ni ya buluu iliyopakwa unga wa manjano. (Ndiyo maana taa nyeupe zilichelewa: LED nyekundu ilionekana mwaka 1962, ila ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri miaka ya 1990, na Wajapani waliohangaika nayo, Akasaki, Amano na Nakamura, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.) Mkondo wa juu kwa LED nyingi za milimita 5 ni miliampea 20.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: toa volti za LED kwenye volti za betri, kisha gawa kwa mkondo, ukiuandika kwa ampea. Jibu ni omu. Penye kosa ni kwenye volti za betri.

Chukua banda la kuku pale Kalamba, Makueni, lenye paneli juu ya mabati na betri iliyoandikwa 12. Usiku wa manane pengine ina 12 kweli. Saa saba mchana, jua likiwa utosini na chaji ikiingia, hufika 14.4. Fundi akiunga LED nyeupe tatu kwa mfululizo, zitakula volti 9.6. Akipiga hesabu kwa 12, zinabaki 2.4, naye ataweka resista ya omu 120. Taa hiyo ikisahauliwa inawaka mchana, zinabaki volti 4.8 na mkondo unakuwa miliampea 40, mara mbili ya kiwango. Halafu lawama zinaiendea LED, eti ni feki.

Ukipiga hesabu kwa 14.4 utapata omu 240. Panda hadi 270, maana ndiyo rahisi kupatikana. Mchana zitapita miliampea 18, usiku 9, na mwanga utafifia. Mimi ningeunga mbili mbili kwa resista ya omu 470: mchana 17, usiku 12. Umeme kidogo zaidi unapotelea kwenye resista, lakini mwanga unatulia. Kila jozi ipewe resista yake. LED zilizopangwa sambamba chini ya resista moja hazigawani sawa; inayokula volti chache hunyakua mkondo mwingi, na ikifa, mzigo huwaangukia wenzake.

Resista za redio mbovu zinafaa kabisa. Soma mistari ukianzia upande ulio mbali na mstari wa dhahabu: njano, zambarau, kahawia ni 470; nyekundu, zambarau, kahawia ni 270. Rangi zikiwa zimebabuka, tumia mita. Angalia na wati: LED moja nyeupe kwa omu 560 huifanya resista ibebe wati 0.22, kwa hiyo ile ya robo wati itachemka. Weka ya nusu. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na kama miguu imekatwa, ubavu uliobapa uko upande wa hasi.

Kabla ya kushika lehemu, basi, pima betri yako saa saba mchana paneli ikiwa juani, na namba utakayoiona kwenye mita ndiyo uingie nayo kwenye hesabu.