Jino Lililobanwa

Wamisionari Wamoravian walipoanza kazi Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, koleo la meno la kisasa lilikuwa limeshatimiza nusu karne. John Tomes wa London alilichonga upya mwaka 1841 ili midomo yake ifuate umbo la shingo ya jino. Kabla yake Ulaya ilitegemea ufunguo wa meno, chuma chenye ndoano kilichozungushwa kama ufunguo mlangoni. Jino lilitoka, na wakati mwingine kipande cha taya kilitoka nalo.

Ganzi ya kutegemewa ilichelewa zaidi. Prokeini ilipatikana mwaka 1905, na lignokeini ikatengenezwa Sweden na Nils Löfgren mwaka 1943. Kufikia hapo Tukuyu, mji wa Rungwe ulioitwa Neu-Langenburg na Wajerumani, ulikuwa chini ya Waingereza.

Lakini hata kwa koleo na ganzi, penye meno yaliyobanana nguvu ni adui. Jino halikugandana na mfupa. Limefungwa kwa nyuzi nyembamba kati ya mzizi na taya. Mng'oaji stadi huzikata nyuzi hizo kwanza, kisha hupenyeza eleveta, wenzo mwembamba wa chuma, kando ya mzizi, asiegemee jino la jirani, na kungoja. Mfupa hutanuka kidogo kidogo. Jino la mbele la juu, lenye mzizi wa mviringo, huzungushwa taratibu. Gego husukumwa nje na ndani. Gego likigoma, hupasuliwa, mizizi ikatolewa mmoja mmoja. Uvumilivu huo ndio unaookoa taya.

Mwaka 1929 Birger Kjellgren, pia wa Sweden, aliupa jina utaratibu wa kung'oa meno machache ya utotoni kwa zamu ili ya ukubwani yapate nafasi. Unadai kipimo na subira ya miaka.

Tanzania imewahi kushuhudia kinyume chake. Imani ya "meno ya plastiki" imewafanya wazazi wapeleke watoto wachanga wenye homa na kuharisha kwa waganga, ambao huchimbua vichipukizi vya chonge kwa chuma chenye ncha kali. Mtoto hupata jeraha, na chonge la ukubwani linaweza kuharibika kabla halijaota. Ni mateso yasiyotibu chochote.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na Mbeya, jirani wa Tukuyu, ikawa na chuo cha matabibu wa meno. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu njia ambayo baadaye ilienea duniani. Meno yaliyobanana hunasa chakula na kuoza upesi; badala ya kuyang'oa, sehemu iliyooza huchokolewa kwa vifaa vya mkono, tundu likazibwa kwa saruji inayotoa floridi. Shirika la Afya Duniani liliinadi njia hiyo mwaka 1994. Haihitaji mashine wala umeme: mgonjwa hulala juu ya meza ya kawaida, na tabibu huketi nyuma ya kichwa chake, palipo na mwanga.