Punguzo la Bei Lilianzia Wapi? Mchezo wa Mama, Dogo na Koti la Baridi

Kila msimu ukiisha, picha ni ile ile. Karatasi nyekundu kwenye kioo cha duka, "PUNGUZO 50%" kwa herufi kubwa, na mama anamvuta dogo wake kwenda upande wa nguo za watoto wa kiume. Dogo macho yako kwenye raba. Mama macho yako kwenye lebo ya bei. Hii muvi ina zaidi ya miaka 100 sasa, na mastaa wake hakuna aliyewahi kuwaandika majina.

Zamani haikuwepo. Mtoto wa kiume alivaa alichoshonewa nyumbani, alichoshonewa na fundi, au alichoachiwa na kaka yake. Na dukani bei ilikaa kichwani mwa muuzaji. Anakuangalia juu mpaka chini, viatu, saa, halafu ndiyo anataja. Mtu wa Kariakoo anaujua vizuri mchezo huo. Sasa kwenye duka la hivyo, punguzo lina maana gani? Unapunguza kutoka wapi, wakati bei yenyewe haijawahi kuandikwa?

Ndiyo maana historia ya punguzo inaanzia kwenye kitu kinachoonekana cha kawaida kabisa: bei moja kwa wote. Paris, Aristide Boucicaut wa duka la Bon Marché alishaanza kuuza kwa bei zilizoandikwa miaka ya 1850. Marekani, mwezi Aprili 1861, John Wanamaker na shemeji yake Nathan Brown walifungua duka la Oak Hall mjini Philadelphia. Mzigo wao: nguo za wanaume na za wavulana. Siku chache baadaye vita ya wenyewe kwa wenyewe ikalipuka. Mauzo ya siku ya kwanza yalikuwa dola 24.67 tu. Lakini jamaa walikomaa, na duka likajijengea jina kwa bei moja bila kuvutana, na ahadi kwamba usiporidhika unarudishiwa hela yako.

Kwa mama wa mjini hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Hata asiyejua kubishana bei alilipa sawa na mjanja. Kwa mwenye duka nako ikawa silaha mpya: siku akishusha bei, mji mzima unaona kwamba imeshuka.

Silaha hiyo Wanamaker aliitumia Januari 1878. Baada ya Krismasi watu mifuko imekauka, duka limepoa. Akashusha bei ya mashuka na vitambaa vyeupe, na mwezi mfu ukafufuka. Maduka mengine yakaiga. Kuanzia hapo punguzo likawa na kalenda yake, kama sikukuu.

Nguo za wavulana ndizo ziliunogesha mchezo, kwa sababu pale kuna saa mbili zinazokimbizana. Saa ya kwanza ni ya duka: koti la baridi lisipouzwa mpaka Februari linageuka mzigo, linakula nafasi ya nguo za msimu unaofuata. Saa ya pili ni ya dogo mwenyewe: anarefuka. Mama akinunua linalomtosha leo, mwakani mikono iko nje. Kwa hiyo akina mama wakanunua kubwa kidogo, "atalijaza tu." Maduka nayo yakasoma akili zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 suti za wavulana Marekani ziliuzwa sana zikiwa na koti moja na suruali mbili fupi, maana kila mzazi alijua kinachotangulia kuchanika ni magoti.

Halafu mwaka 1909, Boston, duka la Filene's likafungua sehemu ya chini ya jengo na kuiachia kalenda ipange bei. Nguo ikikaa siku 12 za biashara, inashuka 25%. Siku 18, 50%. Siku 24, 75%. Ikifika siku 30 haijapata mtu, inapelekwa kwa wenye shida bure. Tarehe iko wazi kwenye lebo, kila mtu anahesabu.

Hapo ndipo roho zilikuwa zinadunda. Mama ameona koti, saizi ya dogo ni hiyo hiyo, limebaki moja. Akilichukua leo, bajeti ya chakula inayumba. Akisubiri siku sita, mama mwingine analibeba. Wapo waliolificha katikati ya nguo za saizi nyingine, wakaomba Mungu lisionekane mpaka bei ishuke.

Ukiangalia vizuri, punguzo ni malipo ya kusubiri. Dogo wa familia yenye hela alivaa koti lake Novemba, baridi inaanza. Dogo aliyevaa la 75% alishapigwa na baridi karibu msimu mzima ndani ya koti la zamani. Bei ilishuka kweli, ila tofauti aliilipa yeye, kwa ngozi yake.

Na saa ile haijasimama. Nenda Karume au Gikomba asubuhi belo linapofunguliwa: wa kwanza anachagua kali na analipa bei kali. Wa jioni anapata kwa buku, ila anachagua kwenye mabaki. Pembeni yake kasimama dogo, mikono imeshatoka nje ya shati.