Kufasiri kwa Ajili ya Mashine Ngeni: Safari ya Unix, 1969–1977



Huenda wapo wanaojiuliza mfumo endeshi wa kompyuta unatafuta nini katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Jibu langu ni kwamba kisa nitakachokisimulia ni kisa cha tafsiri, na tafsiri ni kazi yetu. Kila aina ya prosesa ina lugha yake, wala haielewi nyingine. Programu iliyoandikwa na binadamu, mathalani katika lugha ya C, haina maana kwa prosesa yoyote mpaka ifasiriwe na programu nyingine iitwayo kompaila. Aghalabu kompaila hukaa katika mashine ileile inayoitumikia. Lakini yawezekana pia ikae katika mashine ya aina moja na kutoa maandishi kwa ajili ya mashine ya aina nyingine kabisa, kama mfasiri aliyeketi Zanzibar akiandika barua za Kireno zitakazosomwa Lisbon, ilhali hapo alipo hapana hata mtu mmoja awezaye kuzihakiki.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba Unix ilikombolewa kutoka katika mashine yake mwaka 1973, kiini chake kilipoandikwa upya kwa C. Kwa maoni yangu, maelezo hayo yanaipa lugha ya C sifa kupita stahili yake, na yanaifunika kazi nzito iliyofanyika mwaka 1977.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1969, katika Maabara ya Bell, Marekani, Ken Thompson alipata kutumia mashine ndogo ya PDP-7, ambayo neno lake la kumbukumbu lilikuwa na biti 18. Programu zake za kwanza hazikutayarishwa humo. Zilitayarishwa katika mashine kubwa ya GE-635, yenye maneno ya biti 36, zikatobolewa katika utepe wa karatasi, na utepe huo ukachukuliwa kwa mkono hadi kwenye PDP-7. Ni baada tu ya Unix kupata zana zake yenyewe za kufasiria ndipo ilipoacha kutegemea utepe wa jirani. Kwa hiyo mfumo huu ulizaliwa ugenini.

Jambo hilo lilijirudia mwaka 1970, ilipoletwa PDP-11, mashine ya biti 16. Mashine ilifika kabla ya diski yake, na diski ikachelewa miezi 3. Katika muda huo Unix ya awali kwa ajili ya PDP-11 ilifasiriwa ndani ya PDP-7, na sehemu kubwa ya siku mashine mpya ilikaa pembeni ikihesabu njia zote ambazo farasi wa sataranji anaweza kuzunguka ubao wa miraba 6 kwa 8 na kurudi alipoanzia. (Kazi hiyo nayo ilichukua miezi 3, hivyo haikuwa imeajiriwa bure.) Kumbukumbu yote ya mashine ilikuwa baiti 24K, na mfumo wenyewe ukachukua 12K.

Sasa tufike 1973. Kiini kiliandikwa kwa C, na kompaila za C zikapatikana hata kwa mashine za Honeywell na IBM. Hata hivyo, kwa miaka 4 iliyofuata Unix yenyewe haikuondoka PDP-11. Kwa nini? Kwa sababu maandishi yake, ingawa lugha yake haikuwa tena ya mashine, yalikuwa yamejaa mazoea ya nyumbani. Mwandishi aliichukulia anwani ya kumbukumbu kuwa sawa na namba nzima, kwani katika PDP-11 vyote vilienea katika biti 16. Aliuchukulia mpangilio wa baiti kuwa jambo la kimaumbile. Katika PDP-11 baiti ndogo ya neno hutangulia. Kwingineko hutangulia kubwa. Neno SIMU likiandikwa wawili wawili katika mashine ya kwanza na kusomwa hivyo katika ya pili, husomeka ISUM. Hakuna kosa la kisarufi hapo. Kosa limo katika kile ambacho mwandishi hakukisema, akidhani kila msomaji anakijua.

Mwaka 1977 Stephen Johnson na Dennis Ritchie walianza kuihamishia Unix kwenye Interdata 8/32, mashine ya biti 32 iliyotofautiana na PDP-11 kiasi cha kuyafichua mazoea hayo. Johnson alikuwa ametunga kompaila ambayo sehemu yake kubwa haikuhusika na prosesa fulani, ili atakaye kuielekeza kwa mashine nyingine abadilishe sehemu chache. Mwaka huohuo, bila kushirikiana nao, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, aliihamisha Unix hadi kwenye Interdata 7/32.

Kwangu mimi jambo la kuzingatia ni kilichoipata lugha yenyewe. Ilibidi C ibadilike: kanuni za aina za data zikakazwa, na mwandishi akatakiwa aonyeshe wazi pale anapogeuza aina moja kuwa nyingine. Johnson akaigeuza kompaila yake kuwa programu ya lint, ambayo haikufasiri chochote bali ilisoma maandishi na kulalamika juu ya yale yenye kutia shaka. Huyo ni mhariri, si mfasiri.

Siku hizi simu za Android zilizomo mifukoni mwenu zina prosesa za Arm, lakini mfumo wake kwa kawaida hufasiriwa katika kompyuta zenye prosesa za ukoo wa Intel. Hakuna anayeshangaa.

Limebaki suala la istilahi, na hili nawaachia wanafunzi. Grace Hopper alipoliita tunda lake la mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa jina ambalo kwetu limekuwa kompaila, programu hiyo kweli ilikuwa ikikusanya vipande vya programu kutoka katika maktaba. Atakayelifuata neno la Kiingereza kwa maana yake ya kamusi ataishia kwenye kukusanya, na atakuwa ameieleza mashine ya Hopper, si ya Johnson. Mimi nimetumia kufasiri jioni hii yote, na sikuona mahali liliponipungukia.